Wilkister anavyompunguzia Popi barabara

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, na Popi bado hajaamua.

Amekaa kwenye kizingiti cha lango la kijani, miguu ya mbele nje, ya nyuma ndani, kama mgeni asiyejua iwapo amekaribishwa. Wilkister Auma hamvuti. Amesimama kando yake akiwa na kamba fupi ya ngozi mkononi na mwavuli mweusi kwapani, anatazama mbele kana kwamba hana haraka na dunia.

Ng'ambo ya barabara ya murram isiyo na lami amesimama kijana wa miaka thelathini na moja, suruali ya kulalia bado mwilini, ndala miguuni. Anaitwa Gichuru. Kwa mikono miwili ameshika kamba ya mbwa mkubwa mweusi mwenye kifua kipana. Huyo mbwa ndiye Bosi, na ndiye aliyemuuma Popi shingoni na Wilkister mkononi mwezi wa Februari.

"Mathe, leo atatoka kweli?" Gichuru anauliza.

"Wewe nyamaza. Shika kamba fupi. Usimwangalie Popi, angalia mbele kama mtu anaenda kazi."

"Na kazi yenyewe niko late."

"Chelewa tu. Mimi nimechelewa tangu Februari."

Popi anainuka, anajikung'uta, na kuvuka kizingiti. Hakuna anayepiga makofi. Gichuru anasogea hadi zinabaki hatua tatu, na wanaanza kutembea wote wanne, wawili huku na wawili kule, kimya kimya, kama waombolezaji waliokosana.

Hapa ni Mugutha, Ruiru, ambako kila mwezi nyumba mpya huota na kila nyumba mpya huja na ukuta, lango la chuma na mbwa. Wilkister, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, anaishi mtaa wa Landless, Thika, na hutoka kwake saa kumi na moja kasorobo asubuhi ili awahi kazi ambayo majirani zake bado wanaicheka. Kazi yake ni kutembeza mbwa wa watu.

"Wananiuliza, Mama Mitchell, kwani hao mbwa hawana miguu?" anasema, akicheka kabla yetu. "Nawaambia miguu wanayo, ni barabara hawana."

Ana mbwa watano katika nyumba tatu, na kwa mwezi hupata takriban shilingi elfu kumi na nane. Si nyingi, lakini zimemsomesha bintiye Mitchell hadi chuo cha ushonaji. Kati ya hao watano, Popi ndiye wa kwanza na ndiye wa moyoni. Ni kijike cha kahawia, chotara wa mbwa gani hakuna ajuaye, mwenye ndevu nyeupe na umri wa miaka kumi na mmoja. Aliitwa Popi, kutokana na 'puppy' ya Kiingereza, alipokuwa mtoto, na hakuna aliyekumbuka kumpa jina la utu uzima.

Aliyemleta nyumbani ni Idah, mkewe Mwalimu Gachau, mwenye nyumba hii ya lango la kijani. Kila asubuhi Idah alitoka na chupa ya maziwa mkono mmoja na Popi mkono wa pili, akafuata barabara hii hadi kwenye kibanda cha mashine ya kuuzia maziwa anachosimamia Maggie, mita mia nne hivi. Chupa ilijazwa, na Maggie akammiminia Popi maziwa kidogo kwenye bakuli la bluu. Wakirudi, Mwalimu aliuliza kutoka kitini, "Mmefika wapi?" Idah akamsimulia habari zote za barabarani: nani amepaka rangi lango, nani amejifungua, nani amehama bila kuaga.

Idah alifariki miaka mitatu iliyopita. Miezi minane baadaye Mwalimu alipatwa na kiharusi, na mguu wake wa kushoto ukawa mzito. Wilkister, ambaye alikuwa akiwafulia nguo mara mbili kwa wiki, akaokota kamba bila kuombwa.

"Siku ya kwanza sikujua njia," anasema. "Popi ndiye alinipeleka. Alifika kwa Maggie akakaa. Maggie akatoka na bakuli, akaniona mimi, akalia. Tukalia wote wawili pale mbele ya mashine, watu wanangoja maziwa."

Aliporudi, sauti kutoka kitini ikauliza, "Mmefika wapi?" Tangu siku hiyo Wilkister akawa hatembezi mbwa tu, bali anamletea mzee wa watu barabara nzima nyumbani.

Kazi hii hakuisomea popote, ila alizaliwa nayo. Baba yake, Zacharia Okello, alikuwa mlinzi mwenye mbwa katika kiwanda cha nguo mjini Thika enzi zile ambapo king'ora cha saa kumi na mbili kiliamsha mtaa wote wa Makongeni. Walikaa chumba kimoja na sebule. Wilkister anaikumbuka harufu ya wanga wa pamba kwenye nguo za majirani, na watoto wakikimbia kupokea mikoba ya mama zao waliotoka zamu.

Lakini kilichomkaa zaidi moyoni ni Jumamosi. Siku hiyo Zacharia aliruhusiwa kumtoa Kamanda, mbwa wa kiwanda, amnyooshe miguu mtaani. Kamanda alikuwa na namba ya kazi kama mfanyakazi mwingine yeyote, na posho ya nyama ambayo watoto wa Makongeni waliionea wivu waziwazi. Zacharia alivaa kabuti lake refu la kaki hata jua likiwaka, na nyuma yake ulifuata msururu wa watoto, Wilkister mbele kwa sababu mbwa alikuwa "wa baba yake".

"Nilijiona mtoto wa gavana," anasema. "Baba hakuwa na kitu. Lakini Jumamosi tulikuwa na kila kitu."

Mbwa wa mtaani walipomjia Kamanda kwa fujo, Zacharia hakupiga kelele wala hakukimbia. Alifupisha kamba, akamweka Kamanda nyuma ya goti, akashika pindo la kabuti na kulifungua lote mbele kama pazia. Mbwa waliokuwa wakija walikutana na ukuta wa kaki, wakasimama, wakasahau walichokuwa wamekifuata. "Nyara," alimwambia, yaani binti yangu kwa Kijaluo, "weka kitu katikati. Chochote. Mbwa akikosa kuona anachokitaka, hasira yake hukosa pa kukaa."

Ndiyo maana Wilkister hutembea na mwavuli hata kiangazi. Anaufungua ghafla mbele ya mbwa, na mara tisa kati ya kumi mambo huishia hapo. Siku ya mkasa, asubuhi ilikuwa nyeupe kama sahani iliyooshwa, na mwavuli aliuacha nyuma ya mlango kwake Landless.

Gichuru naye alikuwa na desturi yake. Duka lake la vifaa vya ujenzi liko Ruiru mjini, na kwake Mugutha ametandaza matofali mazuri uani, hataki yachafuliwe. Kwa hiyo kila alfajiri alifungua lango, akamwachia Bosi atoke akajisaidie kwa watu, yeye akarudi ndani kunywa chai. Siku nyingi Wilkister alimkuta Bosi ameshamaliza shughuli zake. Siku hiyo walikutana ana kwa ana mbele ya lango la Gichuru.

Hapo Wilkister akafanya kosa ambalo hadi leo linamuuma kuliko jeraha. Kila mtoto aliyekulia Makongeni anaijua dawa ya mbwa wa barabarani: inama kama unaokota jiwe. Hata kama chini hakuna jiwe, mbwa atakunja mkia na kuondoka. Wilkister amefanya hivyo maisha yake yote, na mkono wake ulienda wenyewe.

Akainama.

Bosi hakukunja mkia. Aliletwa kwa Gichuru akiwa na miezi miwili, akalelewa nyuma ya ukuta, hajawahi kurushiwa hata kokoto. Kwake yeye, mtu aliyeinama hakuwa na maana yoyote isipokuwa kwamba uso umeshuka, kamba imelegea, na mbwa mdogo yuko wazi. Alimrukia Popi, akamkamata shingoni.

"Baba aliniambia hayo nikiwa darasa la nne," Wilkister anasema, akitikisa kichwa. "Aliniambia, mbwa hajui jiwe, anajua mkono uliowahi kumrushia. Huyu hakuna mkono aliujua. Na mimi nikamwinamia kama mjinga."

Alimwangukia Popi, akamfunika kwa mwili wake, na meno yaliyofuata yakaingia kwenye mkono wake wa kushoto. Aliyewaokoa ni Nzioki, fundi wa mawe aliyekuwa akienda kazini. Alisukuma toroli lake tupu katikati yao, likagonga mawe kwa kishindo, na Bosi akarudi nyuma. Yaani kitu katikati, kama alivyosema marehemu baba yake.

Gichuru alitoka mbio, kikombe bado mkononi. "Aki Mathe, huyu huwa hana shida, alikuwa anacheza tu!" Hayo ndiyo maneno ya kila mwenye mbwa mkali tangu mbwa waumbwe. Kwa haki, kijana ndiye aliyemkimbiza kwenye zahanati, akasimama naye alipooshwa kwa sabuni na maji mengi, akalipia sindano zote za kichaa cha mbwa. Popi alishonwa nyuzi tisa.

Nyuzi zilitolewa baada ya wiki mbili, lakini Popi hakutoka nje. Alifika langoni, akanusa hewa ya barabara, akarudi chini ya kiti cha Mwalimu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kwa Popi barabara yote ilikuwa ung'ongo.

Mwalimu naye akapoa. Aliacha kuuliza mmefika wapi, kwa kuwa jibu alilijua. Chai ilipoa mezani. Bintiye, Janice, anayefanya kazi Nairobi na kulipa gharama za nyumba hiyo, alikuja Jumapili moja akaona hali ilivyo, akasema kwa upole lakini kwa mkato: "Mama Mitchell, mbwa asiyetoka anateseka. Mwisho wa Mei tumpe mtu wa shamba, Daddy apumzike."

Wilkister aliijua hesabu hiyo. Popi akienda, yeye hana la kufanya pale. Lakini anaapa si mshahara uliomkosesha usingizi. "Mwalimu alikuwa amebakiwa na barabara moja tu," anasema. "Na mimi ndiye nilimwangushia, kwa kuinama."

Katika kikundi cha simu cha majirani maneno yalikuwa makali. Wengine walitaka Gichuru ashtakiwe. Mmoja aliandika kwamba kuna dawa ya kuweka kwenye nyama na shida ikaisha bila kesi. Wilkister alisoma hayo mara mbili, akakumbuka siku kiwanda kilipofungwa na Kamanda akapakiwa kwenye lori pamoja na mashine, na baba yake akarudi nyumbani na kamba ya ngozi tu mkononi. Hakula siku mbili. Kamba hiyo ndiyo anayomshikia Popi leo.

Akaenda kugonga lango la Gichuru, mkono ukiwa bado na bendeji. Kijana alipomwona alitoa simu.

"Mathe, ni ngapi? Nitume sai."

"Pesa ya hospitali ulilipa. Sasa nataka miguu yako."

"Ati?"

"Miguu. Saa kumi na mbili asubuhi, wewe na Bosi, kila siku, mpaka mwisho wa Mei."

Alichokuwa akikitaka ni kitu alichokiona mara moja tu, akiwa na miaka tisa. Kamanda na mbwa mwenzake wa kiwandani walikuwa wamepigana vibaya, na msimamizi akasema mmoja apigwe risasi. Zacharia aliomba wiki sita. Yeye akamshika Kamanda upande mmoja wa barabara ya kiwanda, mwenzake wa zamu akamshika yule mwingine upande wa pili, wakatembea sambamba kuelekea upande mmoja bila mbwa kuangaliana. Kila baada ya siku kadhaa walisogeleana hatua moja. Walinzi waliiita kupunguza barabara. Wiki ya sita wanaume wawili walipita mbele ya ofisi bega kwa bega, mbwa wawili katikati yao, na msimamizi akafunga dirisha lake, habari ya risasi ikaishia hapo.

Barabara ya Mugutha, kutoka ua hadi ua, ni hatua kumi na nne. Wilkister aliihesabu mwenyewe. Wiki ya kwanza Popi alitoka na kurudi ndani papo hapo. Wiki ya pili alifika kwenye nguzo ya kwanza ya stima. Gichuru, aliyeanza kwa kunung'unika na kuvaa buti ili asiburutwe na mbwa wake, aligundua jambo lililomfanya aone haya: Bosi, aliyetimiza miaka mitatu, hakujua kutembea na mtu.

"Nilikuwa nadhani nafuga mbwa," Gichuru anakiri. "Kumbe nilikuwa nafunga mbwa. Kutoka aanze kutembea hata kubweka bweka ovyo ameacha. Na mimi hii tumbo imepungua, bibi yangu amenishangaa."

Lango lake sasa halifunguliwi bila yeye kuwa kwenye ncha ya pili ya kamba.

Haba na haba hujaza kibaba, na hatua kumi na nne zimekuwa tatu. Lakini kila mara wakifika mbele ya lango la Gichuru, pale pale, Popi hugeuka na kuvuta kurudi nyumbani. Leo ni Ijumaa ya mwisho ya Mei. Janice anakuja Jumapili.

Sasa wako hapo. Popi anasimama. Masikio yanalala, mkia unashuka, na mtu anaweza kuona mbavu zikipanda na kushuka. Gichuru anamwangalia Wilkister, macho yakiuliza.

"Tembea," Wilkister anamwambia kwa sauti ya chini. "Ukisimama wewe, barabara imeisha."

Gichuru na Bosi wanaendelea. Hatua moja, mbili, tano. Bosi hageuki. Wilkister naye hainami, ingawa mkono wake, anasema baadaye, ulitaka sana kushuka kumpapasa. Anaufungua mwavuli taratibu na kuushusha ubavuni, kati ya Popi na lile lango. Lango linapotea nyuma ya kitambaa cheusi. Kinachobaki ni barabara.

Popi ananusa upepo. Kutoka mbele inakuja harufu hafifu ya maziwa.

Anatembea. Anapita mwavuli, anapita lango, na akishapita, yule ajuza wa miaka kumi na mmoja anaanza kuvuta kwa nguvu hadi Wilkister analazimika kukimbia kidogo kidogo, mwavuli ukiyumba, akicheka na kufuta macho kwa kiganja.

"Ngai! Popi!" Maggie anapiga kelele kutoka kibandani, akiwaacha wateja na chupa zao. Bakuli la bluu limefunikwa juu ya mashine tangu Februari. Analifunua, analifuta kwa aproni, na kumimina hadi maziwa yanamwagika. "Haiya, mama, kwani umekonda hivi? Kunywa. Kunywa ya Idah pia."

Bosi anakaa hatua tatu pembeni, akilamba midomo, na Maggie anamtazama kwa jicho la kando. Mwishowe anamtafutia kifuniko cha ndoo na kumtilia tone. "Wewe sijakusamehe," anamwambia. "Ni vile tu nimefurahi."

Wanaporudi, Mwalimu Gachau yuko kitini, uso umeelekea dirishani. Popi anaenda moja kwa moja na kuweka kidevu juu ya goti lake la kushoto, lile zito. Mwalimu haulizi kitu. Anapitisha kidole kwenye ndevu nyeupe, anakiona kimelowa, anakinusa.

"Mmefika kwa Maggie," anasema.

"Tumefika, Mwalimu. Nzioki amemaliza ule ukuta wa kona. Na wale wa lango jekundu wamehama, hata paka wameacha."

"Bila kuaga?"

"Bila kuaga."

Mzee anacheka, kisha kicheko kinageuka kilio, na Wilkister anaachia yote yatoke kwa pamoja. Baadaye anampigia Janice simu. Janice anauliza kama Jumapili anaweza kuja mapema, aende nao kwa Maggie.

Wilkister anatundika kamba ya baba yake kwenye msumari. Ana mpango, na hakuwa ameutaja kwa mtu mpaka leo. Anaangalia kiti, anaangalia fimbo iliyoegemea ukuta, anaangalia lango la kijani.

"Mwalimu, Jumatatu ni wewe," anasema. "Hatua mbili tu, mpaka langoni. Wiki ijayo nguzo ya stima. Krismasi utakunywa maziwa kwa Maggie."

Mwalimu anautazama mguu wake. "Na huu upande mbaya, nani atanishika?"

"Gichuru," Wilkister anajibu. "Miguu yake sijamrudishia."